Aya Iliyotariziwa kwa Uzi wa Buluu

Huko Gatumba, magharibi ya mji wa Bujumbura, kando ya barabara iendayo mpakani na kuelekea Uvira, palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu ambayo sebule yake ilikuwa na pambo moja tu. Pambo hilo lilikuwa kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani juu ya kabati la vyombo. Mwenye nyumba alikuwa karani wa serikali, na mkewe alikuwa mchuuzi wa ndagala. Kitambaa kile mama alikitarizi kwa mkono wake mwenyewe katika mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na maneno aliyoyachagua yalikuwa ya Isaya sura ya 43, aya ya 2. Humo Mungu anamwahidi mtu wake kwamba atakuwa pamoja naye apitapo katika maji, na kwamba mito haitamzamisha.

Alipoulizwa na jirani kwa nini hakuchagua aya inayonena habari za ndoa, kama wafanyavyo wengi, mama alijibu kwa kicheko kwamba yeye riziki yake iko ziwani, basi aya ya maji ndiyo inayomfaa. Kila alfajiri, kabla ya kushika karai lake na kwenda ufukoni kuwangoja wavuvi waliokesha na taa zao, alikiangalia kitambaa kile kwa nukta chache. Hakusali sala ndefu. Aliyasoma maneno yale, akajifunga kanga yake, akatoka.

Bwana naye alikuwa na desturi yake. Asubuhi, wakati chai ikichemka, alikichukua Kitabu, akafumba macho, akafungua popote, akaweka kidole. Aya iliyoguswa na kidole ndiyo aliyoihesabu kuwa ujumbe wake wa siku ile. Siku ambayo kidole kiliangukia orodha ya majina ya wana wa Israeli, alicheka kidogo na kufungua mara ya pili. Kwa jinsi hii watu wawili waliishi na Kitabu kimoja katika nyumba moja, kila mmoja kwa njia yake, wala hawakuwahi kugombana juu yake mpaka maji yalipokuja.

Usiku wa maji

Mwezi wa Aprili mwaka 2020 mvua za masika zilinyesha kwa wingi mno. Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika karibu na Gatumba, ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Katika nyumba ya karani maji yaliingia kwanza kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi mlangoni, na baada ya saa chache yalikuwa yamefika magotini.

Kila mtu katika saa kama hiyo huokoa kile ambacho moyo wake unakiona kuwa ni uhai. Bwana aliokoa mkoba wa vyeti na hati za kiwanja. Mama aliwabeba watoto wawili wadogo, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na mtoto mkubwa akamshika upindo wa kanga. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wa vyeti. Kitambaa kilibaki ukutani, kwa kuwa hakuna aliyekikumbuka.

Walipokelewa na kaka yake bwana katika mtaa wa Kamenge, upande wa kaskazini wa mji, ambako ardhi imeinuka. Nyumba ya kaka ilikuwa ndogo, lakini mke wa kaka alikuwa mtu wa moyo mkubwa. Alitandika mkeka sebuleni, akaongeza maji katika sufuria ya maharagwe, akamwambia mama, “Shemeji, hapa ni kwenu. Usiniombe ruhusa ya kuchukua chumvi.”

Baada ya siku kadhaa bwana alirudi kuitazama nyumba. Ukuta mmoja wa matofali mabichi ulikuwa umeanguka, vitanda vimejaa tope, na karai za mama hazikuonekana. Juu ya ukuta uliosimama aliona alama ya maji, mstari wa rangi ya udongo ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Mstari ule ulipita katikati ya kitambaa. Bwana alikitungua, akakikunja kikiwa kibichi, akampelekea mkewe.

Mama alikipokea bila kusema neno. Alikifua mara tatu kwa sabuni ya kipande. Tope lilitoka, lakini uzi wa buluu ulikuwa umechuja rangi yake na kuacha wingu hafifu kuzunguka kila herufi, na ule mstari wa maji haukutoka kabisa. Alikianika, akakikunja, akakitia chini ya nguo zake. Kwa muda wa miezi miwili hakukitazama tena, wala hakufungua Kitabu.

Mke wa kaka, aliyekuwa anafahamu habari ya kitambaa, alimwuliza siku moja walipokuwa wakichambua lengalenga, “Shemeji, mbona umekificha?”

Mama akajibu kwa sauti ya chini, “Kilisema mito haitanizamisha. Ulipokuja mto ulichukua mtaji wangu na kitanda cha wanangu. Nikitundike ili kinicheke?”

Mke wa kaka hakuwa na jibu. Aliendelea kuchambua mboga. Wakati mwingine kunyamaza pamoja na mtu ni msaada mkubwa kuliko kumhubiria, na mama baadaye alikiri kwamba kimya kile cha shemeji yake kilimtunzia heshima yake.

Kidole cha bwana

Bwana hakuacha desturi yake. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, kidole chake kiliangukia Mwanzo sura ya 28, aya ya 15. Ni mahali ambapo Mungu anamwambia Yakobo kwamba yu pamoja naye, atamlinda kila aendako, na atamrudisha tena katika nchi ile. Bwana aliruka kutoka kitini. Moyo wake ulikuwa umetamani kurudi Gatumba tangu siku ya kwanza, maana kiwanja kile alikinunua kwa jasho la miaka minane, na mtu mzima mwenye watoto kulala sebuleni kwa ndugu yake ni jambo zito. Sasa aliona kwamba amepewa ruhusa, tena kwa maandishi.

Zilikuwapo fedha kidogo. Walikuwa wamezihifadhi kwa miaka mitatu katika kikundi cha akiba, na wanachama walikuwa wamekubali kuwapa sehemu yao kwa ajili ya msiba wa maji. Fedha zile zingetosha kununua matofali na mabati machache, au zingetosha kumrudishia mama mtaji wa ndagala na kulipa kodi ya vyumba viwili mahali pa juu. Kufanya yote mawili haikuwezekana.

“Tunarudi,” bwana alisema. “Nimepewa neno.”

Mama alimtazama. “Mto nao umepewa neno?”

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Bwana akasema kwamba mke hutii, akataja Waefeso sura ya 5, aya ya 22. Mama, ambaye kwa miezi miwili hakufungua Kitabu, alikifungua usiku ule kwa hasira, akitaka kujua kama kweli imeandikwa hivyo. Aliikuta. Lakini kwa kuwa alikuwa amekishika mwenyewe, macho yake yaliona pia aya ya 21, inayowaagiza waumini wote kutiiana wao kwa wao, na aya ya 25, inayomtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa nafsi yake kwa ajili ya kanisa. Asubuhi alimsomea bwana aya zile mbili, polepole, huku akimimina chai. Bwana hakujibu. Alikunywa chai yake na kwenda kazini mapema kuliko kawaida.

Wazee walinena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mke wa kaka aliona kwamba Kitabu kimeanza kutumiwa kama fimbo, kila upande ukishika ncha yake, na nyumba yenye watu tisa haiwezi kustahimili fimbo ya namna hiyo. Jumapili ile alimwalika baba mdogo wa mama, mzee aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye bado alifundisha wakatekumeni kanisani. Hakumwambia bwana sababu ya mwaliko. Alipika ndagala kwa nyanya na mawese, akasonga ugali, akaacha chakula kifanye kazi ya kwanza.

Mzee na Kitabu

Baada ya kunawa mikono, mzee alisikiliza pande zote mbili. Hakumlaumu mtu. Aliomba Kitabu, akakipapasa jalada lake lililopinda kwa unyevu, kisha akamgeukia bwana.

“Mkwe wangu, unafahamu kwamba Mtakatifu Paulo hakuandika namba?”

Bwana alishangaa. Mzee akaeleza, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea ubao na chaki. Nyaraka za Paulo ziliandikwa kama barua, mwanzo mpaka mwisho, zisomwe kwa sauti mbele ya watu. Sura tunazozitumia leo zinahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa mwalimu Paris na baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za aya za Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa Mfaransa aliyeitwa Robert Estienne katika chapa yake ya mwaka 1551. Namba ni msaada mkubwa, kwa sababu humwezesha mtu wa Bujumbura na mtu wa Dodoma kufungua mahali pamoja kwa wakati mmoja. Lakini namba pia zimewazoeza watu kukata Kitabu vipande vipande kama muwa, kila mmoja akatafuna pingili yake na kuitupa iliyobaki.

“Basi,” mzee akasema, “tuisome barua yote kabla ya kubishana juu ya mstari mmoja. Tuanze na neno lako.”

Wakasoma Mwanzo 28 tangu mwanzo. Yakobo alikuwa akimkimbia ndugu yake Esau. Jua lilimchwea njiani, akalala nje, akaweka jiwe chini ya kichwa chake. Hapo ndipo ahadi ya kurudishwa ilipomjia. Mzee akauliza, “Alirudi baada ya muda gani?” Hakuna aliyejua. Mzee akafungua sura ya 31, ambako Yakobo mwenyewe anamwambia Labani kwamba amekaa naye miaka ishirini.

“Ishirini,” bwana akarudia.

“Ishirini, tena akichunga mifugo ya mtu mwingine. Mimi sisemi kwamba neno hili si lako. Umelala juu ya mkeka wa ndugu yako kama Yakobo alivyolala juu ya jiwe, na hapo hapo umeambiwa kwamba hukuachwa. Hilo ni lako, lichukue. Lakini tarehe ya kurudi umeiandika wewe.”

Bwana akasema, kwa heshima lakini kwa uchungu, kwamba watu wa Mungu waliokuwa wakubwa kuliko yeye walifungua popote wakapata. Akamtaja Agostino. Mzee alifurahi, maana habari hiyo aliifahamu vizuri. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema huko Milano. Mwaka 386, akiwa katika bustani na moyo wake ukisumbuka, alisikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza achukue asome. Alichukua nyaraka za Paulo, akafungua, akasoma mistari ya Warumi sura ya 13 inayomtaka mtu aache ulevi na ufasiki na kumvaa Kristo. Maisha yake yakageuka.

“Lakini angalia mambo mawili,” mzee aliendelea. “La kwanza, aya ile ilimwagiza kuacha kitu alichokipenda, na kwa miaka mingi alikuwa akishindwa kukiacha. Haikumpa kibali cha kufanya alichokuwa anakitaka tayari. La pili, Agostino huyo huyo, alipokuwa askofu, aliandika katika barua kwamba desturi ya watu kupiga kura kwa kurasa za Injili hakuipenda, hasa wakitafuta majibu ya shughuli za dunia. Alikiri tu kwamba ni afadhali wafanye hivyo kuliko kwenda kwa mapepo.”

Kisha mzee akasema jambo ambalo bwana alilikumbuka kwa muda mrefu. Katika Mathayo sura ya 4 Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, naye akamtajia Zaburi ya 91, mahali palipoahidiwa kwamba malaika watamchukua mtu mikononi mwao. Aya ilikuwa ya kweli. Hakuna neno lililoongezwa kuipotosha. Kosa lilikuwa katika matumizi, na Yesu alijibu kwa agizo la Kumbukumbu la Torati linalokataza kumjaribu Mungu.

“Kuna kinara cha hekalu,” mzee akasema, “na kuna ukingo wa Rusizi.”

Mama hapo akatabasamu, akataka kuongeza silaha yake. Akataja mfano wa mtu mpumbavu aliyejenga nyumba juu ya mchanga, mvua ikanya, mafuriko yakaja, nyumba ikaanguka. Mzee akamgeukia yeye naye, kwa uso ule ule.

“Mwanangu, nawe usiifanye Mathayo 7 kuwa sheria ya wajenzi. Mfano ule unamhusu mtu asikiaye maneno asiyatende. Ila ni kweli kwamba mfano usingeeleweka kama wasikilizaji hawakujua yanayoipata nyumba ya mchangani. Bwana Yesu alitegemea watu wawe na akili ya kawaida kabla hawajawa na ya kiroho.”

Wote walicheka, bwana pia. Kicheko kile kilikuwa cha kwanza kwao kucheka pamoja tangu Aprili.

Kitambaa chafunuliwa

Kabla mzee hajaondoka, mke wa kaka alimwambia mama, “Mwonyeshe kitambaa.” Mama alisita, kisha akaenda kukitoa chini ya nguo zake. Mzee alikikunjua juu ya magoti, akaisoma aya kwa kidole, akauona ule mstari wa maji.

“Hiki ndicho kilichonidanganya, baba,” mama akasema.

Mzee hakumkemea. Alimwuliza maneno yale yaliambiwa nani. Mama hakujua. Alikuwa ameyapenda kwa sababu yanataja maji, basi. Mzee akamweleza kwamba sehemu ile ya Isaya inawahutubia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Jeshi la Nebukadreza lilikuwa limeuangusha Yerusalemu katika karne ya 6 kabla ya Kristo, hekalu limechomwa, nyumba zimebomolewa, familia zimetawanyika. Mbele kidogo katika sura ile ile Babeli inatajwa kwa jina, na Mungu anaahidi kuwakusanya watoto wake kutoka mashariki na magharibi.

“Waliosikia neno hili mara ya kwanza,” mzee akasema, “walikuwa watu waliokwisha kupoteza nyumba. Hawakuambiwa kwamba ukuta hautaanguka. Ukuta ulikuwa umeanguka zamani. Nawe ulifundishwa Kiswahili sanifu shuleni. Litazame neno la kwanza la aya yako. Limebeba kiambishi cha wakati. Halibebi kiambishi cha sharti. Aliyenena alijua kwamba maji yatakuwapo.”

Mama alikitazama kitambaa chake kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. Kwa miaka tisa alikuwa akikisoma kama hirizi ya kuzuia maji yasifike mlangoni. Sasa aligundua kwamba alikitarizi kwa ajili ya siku ambayo maji yangekuwa yamekwisha kuingia. Alimkumbuka mwanawe wa kifuani usiku ule, jinsi alivyokuwa analala huku maji yakimfikia mama yake kiunoni. Alizikumbuka taa za watu wasiofahamika waliowaonyesha njia mpaka barabarani. Alikumbuka mkeka uliotandikwa na maharagwe yaliyoongezwa maji. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyaficha.

“Basi nifanye nini?” akauliza.

Mzee akamfungulia Yeremia sura ya 29. Ni barua iliyopelekwa kwa mateka wa kwanza waliochukuliwa pamoja na mfalme Yekonia. Watu wengi huipenda aya ya 11, inayonena habari za mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho, na huiandika katika kadi za harusi na za mahafali. Wachache huisoma aya ya 10, inayotaja miaka sabini. Na kabla ya zote mbili kuna maagizo ya kawaida kabisa, yanayofanana na mashauri ya mama wa nyumbani. Mateka wanaambiwa wajenge nyumba huko huko waliko, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, na wautakie amani mji waliopelekwa, kwa sababu katika amani ya mji huo ndimo itakamopatikana amani yao.

“Alikuwapo nabii aliyetangaza kwamba watarudi katika muda wa miaka miwili,” mzee akamalizia. “Maneno hayo yalikuwa matamu kuliko bustani. Lakini waliopanda bustani ndio waliokula.”

Bustani ya Kamenge

Bwana hakukubali siku ile. Mwanamume aliyetangaza neno lake mbele ya watu huhitaji muda wa kulirudisha bila aibu, na mke mwenye busara humwachia muda huo. Wiki mbili zilipita. Kisha jioni moja bwana alirudi kutoka kazini, akakaa karibu na jiko la mkaa, akamwuliza mkewe bei ya ndagala wabichi kwa karai moja. Mama alimtajia. Bwana akatoa bahasha ya kikundi cha akiba mfukoni, akaiweka juu ya mkeka. “Tuanze na mtaji,” akasema. “Kiwanja hakitakimbia.”

Walikodi vyumba viwili Kamenge, si mbali na kaka. Mama alirudi ufukoni, safari hii kwa basi, kabla ya jua kuchomoza. Siku za mwezi mpevu, ambapo wavuvi hawatoki kwa kuwa taa zao hazivuti samaki, alilima kipande kidogo nyuma ya nyumba. Alipanda lengalenga, vitunguu na nyanya chache. Mke wa kaka alikuwa wa kwanza kupelekewa mboga, pamoja na kikombe cha chumvi kilichojaa mpaka juu, na wote wawili walielewa maana yake bila kuambiana.

Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda tena, na maji yakaingia Gatumba. Yalirudi kwa nguvu mwaka 2024. Kiwanja cha karani kilikuwa chini ya maji katika miaka yote hiyo miwili. Bwana alikwenda kukitazama kutoka barabarani, akaona ncha za miti na paa za majirani waliojenga upya. Hakurudi nyumbani na majivuno ya mtu aliyeponea. Alirudi na familia ya jirani mmoja, watu watano, na usiku ule ilikuwa zamu ya mama kutandika mkeka na kuongeza maji katika sufuria.

Desturi ya kufumba macho na kuweka kidole bwana aliiacha kidogo kidogo. Sasa husoma kitabu kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, ukurasa au kurasa mbili kwa siku, hata zile orodha za majina. Husema kwamba orodha nazo zina faida, kwa sababu humkumbusha kwamba Mungu alikuwa na watu wengine wa kushughulika nao kabla yake. Siku nyingi hakuna aya inayomgusa. Siku moja moja aya huinuka na kumtazama usoni, na aghalabu humdai jambo, kama vile kuomba radhi au kulipa deni. Amejifunza kuipima aya kwa njia hiyo: ikimpa tu kile alichokitaka jana, huisoma tena pamoja na ile iliyotangulia na ile inayofuata.

Kitambaa kimetundikwa tena ukutani, juu ya kabati jipya lililo dogo kuliko lile la zamani. Binti mkubwa, aliye sasa katika shule ya sekondari, alijitolea kukitarizi upya kwa uzi usiochuja, na kuuondoa ule mstari wa maji kwa dawa ya kung’arisha nguo. Mama alimshukuru, akamkataza. Alimwambia kwamba mstari ule ni sehemu ya maandishi. Unaonyesha maji yalifika wapi, na kwamba waliosoma kitambaa kile bado wapo, wanachemsha chai.

Kila alfajiri hukiangalia kwa nukta chache, kama zamani. Kisha huchukua karai lake, akajifunga kanga, akatoka kwenda kupanda basi la ufukoni.